Kinachoifikisha UTI ya Mtoto Kwenye Figo

Katika zahanati na hospitali nyingi za Tanzania, mtoto mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na kipimo kikionyesha kwamba hana, neno linalofuata mdomoni mwa mtoa huduma mara nyingi huwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mama hupewa dawa, na akifika nyumbani huwaeleza ndugu na majirani kwamba mtoto ana UTI, kana kwamba huo ni ugonjwa mmoja wenye sura moja. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuotesha mkojo kwenye visahani na kusoma kesho yake kilichoota, na jibu ninaloandika mara nyingi kuliko mengine yote ni lile lile: Escherichia coli, wingi wake kwa mililita moja ya mkojo, dawa zinazomuua na dawa zilizomshindwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaacha nje jambo ambalo lingemsaidia daktari zaidi. Mtoto mmoja mwenye bakteria huyo yuko wodini, homa imepanda hadi nyuzi 40, anatapika na figo zake zimevamiwa. Wa pili hana homa, ila analia kila anapokojoa. Wa tatu anacheza na wenzake bila dalili yoyote, na bakteria amegundulika kwa sababu tu mkojo wake ulipimwa. Kwenye fomu za wote watatu jina ni moja.

Tofauti hiyo inatokana na mambo mawili yanayopaswa kusomwa kwa pamoja: uwezo alionao bakteria, na ulinzi alionao mtoto. Naandika makala hii kwa sababu naona jambo la kwanza likifundishwa vyuoni kama orodha ya kukariri, na la pili likisahaulika kabisa pale mkojo unapofika maabara, ilhali zaidi ya miaka arobaini ya utafiti imeonyesha kwamba kila moja linamfafanua mwenzake. Bakteria mwenye zana zote anaweza kuiangusha figo ya mtoto mzima wa afya. Bakteria asiye na zana yoyote akikutwa kwenye figo, basi ni mtoto ndiye anayepaswa kuchunguzwa zaidi, kwa sababu kuna mlango uliokuwa wazi.

Bakteria huyu aligunduliwa na daktari wa watoto. Mwaka 1885 Theodor Escherich, aliyekuwa akifanya kazi Munich nchini Ujerumani, alieleza vijidudu alivyovipata kwenye kinyesi cha watoto wachanga, na mmoja wao ndiye baadaye aliyepewa jina lake. Mwaka 1894, akiwa Graz nchini Austria, aliandika kuhusu wasichana wadogo waliokuwa na maambukizi ya kibofu yaliyoletwa na bakteria huyo huyo. Kwa hiyo tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba mkazi wa kawaida wa utumbo, anayeishi ndani ya kila mmoja wetu bila madhara, ndiye pia chanzo kikuu cha UTI ya watoto. Hadi leo E. coli husababisha takribani asilimia 80 au zaidi ya maambukizi hayo. Kilichochukua muda mrefu kueleweka ni kwamba mkazi huyo wa utumbo si kabila moja.

Mwaka 2002 ilichapishwa jenomu kamili, yaani DNA yote, ya aina ya E. coli iitwayo CFT073, iliyotokana na mwanamke aliyekuwa na maambukizi makali ya figo. Watafiti waliilinganisha na K-12, aina tulivu ya maabarani, na O157:H7, aina inayoleta kuhara damu. Kati ya protini zote walizozihesabu kwa jumla katika aina hizo tatu, zilizopatikana kwa zote zilikuwa asilimia 39.2 tu. Viumbe vitatu vyenye jina moja la kisayansi, na zaidi ya nusu ya walichonacho hawashirikiani! Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imekaa katika vipande virefu vya DNA ambavyo watafiti wa Würzburg wakiongozwa na Jörg Hacker walivieleza kabla ya hapo na kuviita visiwa, maana vimejitenga ndani ya kromosomu, vinaonekana vilitoka kwingine, na vinaweza kung’oka vikapotea. Ndani ya visiwa hivyo ndimo zilimo jeni nyingi za vipengele vya ukali, yaani zana zinazomwezesha bakteria kutoka kwenye haja kubwa, kupita ngozi ya sehemu za siri, kupanda mrija wa mkojo na kuishi mahali ambapo mwenzake wa utumboni angefagiliwa.

Zana ya kwanza ni ya kushika. Kibofu cha mtoto hujaa na kumwagika mara nyingi kwa siku, na bakteria asiyeshika ukuta hutoka na mkojo. E. coli wa njia ya mkojo ana vinyweleo vyembamba sana viitwavyo fimbria, ambavyo huonekana kwa hadubini ya elektroni peke yake. Fimbria za aina ya kwanza zina protini kwenye ncha iitwayo FimH, na protini hiyo hushika sukari ya manosi iliyopo juu ya yuropulakini, protini zinazofunika seli za juu kabisa za ukuta wa kibofu. Jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza ni namna mshiko huo unavyofanya kazi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walionyesha kwamba bakteria aliyeshika kwa FimH hushika kwa nguvu zaidi maji yanapomvuta. Ni kama ndoano inayozidi kuzama kadiri samaki anavyovuta mshipi. Mkojo unapotulia, mshiko hulegea kidogo na bakteria husogea mahali pengine. Mkojo unapoanza kutoka kwa kasi, protini ile hubadili umbo na kubana. Nguvu ileile tunayoitegemea isafishe kibofu ndiyo inayomkaza bakteria ukutani.

Bakteria huyo pia hatembei na vinyweleo hivyo wakati wote. Jeni zinazovitengeneza huwashwa na kuzimwa na kipande cha DNA chenye jozi 314 za besi, yaani herufi zinazoiunda DNA, ambacho hukatwa, hugeuzwa na kurudishwa palepale kikielekea upande wa pili. Katika kundi moja la bakteria, baadhi wana vinyweleo na wengine hawana, hivyo kinga ya mtoto inapowalenga wenye vinyweleo, kuna wengine waliobaki nje ya shabaha.

Mtoto naye ana majibu yake. Figo hutoa ndani ya mkojo protini iitwayo yuromodulini, iliyojaa manosi, na FimH huishika hiyo badala ya kushika ukuta, kisha vyote hutoka pamoja. Kukojoa mara kwa mara na kumaliza mkojo wote nako kunasaidia, licha ya lile nililolieleza kuhusu mshiko, kwa kuwa walioko huru ndani ya mkojo huondolewa kabla hawajafika ukutani. Hapa ndipo kufunga choo kunapoingia, jambo ambalo wazazi wengi hushangaa kuulizwa wanapomleta mtoto kwa sababu ya mkojo. Utumbo mpana uliojaa haja ngumu hukikandamiza kibofu, mkojo hubaki, na bakteria hupata muda wa kuzaana. Maziwa ya mama pia yana sehemu yake: utafiti uliofanywa Göteborg, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama peke yake walipata UTI kwa uchache zaidi, na kinga hiyo ilikuwa kubwa kwa wasichana.

Kushika ukuta si mwisho wa safari ya bakteria. Kundi la watafiti la Scott Hultgren huko St. Louis, Marekani, lilionyesha kwa panya kwamba bakteria walioshika kwa FimH huingia ndani ya seli za kibofu, huzaana humo na kutengeneza makundi mazito yaliyokingwa dhidi ya chembe nyeupe za damu na dhidi ya dawa nyingi, kisha hutoka tena. Watafiti wa Uruguay baadaye walipochunguza mkojo wa watoto wenye UTI walikuta bakteria ndani ya seli zilizobanduka. Kwa mama anayesema mtoto alitibiwa, akapona, na baada ya wiki chache ugonjwa ukarudi, huo ni uwezekano unaostahili kufikiriwa kabla ya kumlaumu kwamba hakumaliza dozi au kwamba hamsafishi mtoto vizuri. Lawama hizo mbili nimezisikia zikitolewa kwa urahisi mno.

Mpaka hapo tuko kibofuni. Ili kufika kwenye figo, zana iliyo muhimu zaidi ni fimbria nyingine, na historia yake ni ya watoto tangu mwanzo. Mwaka 1976, Catharina Svanborg Edén na wenzake wa Göteborg walichukua E. coli kutoka kwa watoto wenye hali zile tatu nilizozitaja, maambukizi ya figo, maambukizi ya kibofu, na bakteria wasioleta dalili, wakawachanganya na seli za njia ya mkojo za binadamu. Wale waliotoka kwa watoto wa figo walizishika seli kwa wingi, wale wa kibofu kwa kiasi, na wale wa watoto wasio na dalili walishika kidogo sana. Miaka mitano baadaye, Gunilla Källenius na wenzake wa Stockholm walionyesha ni nini kilichokuwa kikishika. Fimbria waliyoiita P ilipatikana kwa asilimia 91 ya bakteria waliosababisha maambukizi makali ya figo kwa watoto, asilimia 19 ya wale wa kibofu, asilimia 14 ya wale wasioleta dalili, na asilimia 7 tu ya E. coli waliotoka kwenye kinyesi cha watoto wenye afya. Katika tiba ni nadra kukuta zana moja ya bakteria ikitenganisha wagonjwa kwa namna iliyo wazi hivyo.

Herufi P inahusu pia kundi la damu. Fimbria hiyo hushika sukari mbili za galaktosi zilizounganishwa kwa namna maalumu, ambazo hukaa juu ya seli za figo na pia juu ya chembe nyekundu za damu kama sehemu ya mfumo wa makundi ya damu ya P. Kuna watu wachache sana duniani wasio na sukari hizo, na chembe zao za damu hazishikwi kabisa na bakteria mwenye fimbria P; hao ndio waliowasaidia watafiti kuthibitisha kipokezi chenyewe. Bakteria na mtoto, kwa hiyo, hukutana katika molekuli moja ambayo mtoto ameirithi kwa wazazi wake.

Fimbria P ikishika seli, inafanya zaidi ya kushika. Inaiamsha seli kupitia kipokezi cha kinga kiitwacho TLR4, seli inatoa ishara za kemikali, chembe nyeupe zinamiminika, na homa inapanda. Homa, maumivu ya mbavuni na usaha kwenye mkojo vinatokana kwa kiasi kikubwa na majibu ya mwili wa mtoto mwenyewe. Panya wasio na TLR4 inayofanya kazi hubeba bakteria wengi kwenye mkojo bila kuonyesha ugonjwa, na watoto wanaobeba bakteria kimya wamekutwa na kiwango kidogo zaidi cha kipokezi hicho. Makovu ya figo, ambayo ndiyo tunayoyaogopa kwa sababu yanaweza kuleta shinikizo la damu na kudhoofisha figo ukubwani, huachwa na vita hiyo. Ndiyo maana muda ni muhimu: katika uchambuzi wa watoto wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, waliochelewa kupata dawa kwa saa 48 au zaidi tangu homa ianze walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na kovu jipya.

Sumu za bakteria huongeza uharibifu. Inayojulikana zaidi ni hemolisini, protini inayotoboa utando wa seli. Hii ndiyo zana pekee ninayoweza kuiona kwa macho nikiwa kazini. Ninapopanda mkojo kwenye aga ya damu, yaani chakula cha kuoteshea bakteria kilichochanganywa na damu, baadhi ya E. coli huota wakiwa wamezungukwa na duara angavu, mahali ambapo chembe nyekundu zimepasuliwa. Takribani nusu ya wale wanaoleta maambukizi ya figo hutoa sumu hii, kiwango kikubwa kuliko kwa wale wa kawaida wa utumboni. Duara lile halihitaji mashine wala kitendanishi cha ziada. Hata hivyo, maabara nyingi huotesha mkojo kwenye aga nyingine peke yake, na hata zinazotumia aga ya damu haziandiki walichokiona. Nakubali kwamba duara hilo halibadilishi dawa ya siku hiyo, lakini kwa mtoto wa miezi minane mwenye homa isiyoeleweka chanzo chake, kujua kwamba aliyeota ni E. coli anayepasua damu ni dalili inayompa daktari sababu ya kuifikiria figo kwa uzito.

Sumu nyingine, CNF1, huvuruga protini zinazotawala umbo la seli, mpaka seli inajikunja na kuwavuta bakteria ndani yake. Kisha kuna njaa ya madini ya chuma. Mkojo una chuma kidogo mno, na bakteria wa figo hutoa molekuli ndogo zinazotoka nje, kukinyakua chuma na kukirudisha. Mwili wa mtoto hutoa protini ya lipokalini 2 inayoikamata mojawapo ya molekuli hizo, enterobaktini. Bakteria wakali wana jeni za kuongeza sukari juu ya enterobaktini na kuifanya salmokelini, ambayo lipokalini haiwezi kuikamata, na juu ya hapo wana aerobaktini na yersiniabaktini za akiba. Zaidi ya hayo kuna ganda la nje, kama lile la K1, linalofanana na sukari za mwili wa mtoto kiasi kwamba kinga huchelewa kumtambua mgeni.

Kwa orodha hiyo mtu angetarajia kwamba watoto wenye makovu mabaya zaidi ya figo ni wale waliovamiwa na bakteria wenye zana nyingi zaidi. Watafiti wa Göteborg walipofuatilia watoto wao walikuta mambo yamekaa kinyume. Makovu yalionekana kwa wingi zaidi kwa watoto ambao maambukizi yao ya figo yaliletwa na bakteria dhaifu, wasio na fimbria P, na wengi wa watoto hao walikuwa na tatizo la mkojo kurudi nyuma. Kwa kawaida ureta, mrija unaotoka kwenye figo, hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, na kibofu kikijaa ukuta huubana mrija huo ukajifunga. Baadhi ya watoto huzaliwa na sehemu hiyo ikiwa fupi, haijifungi, na kila wanapokojoa sehemu ya mkojo hupanda kuelekea figo. Bakteria aliyebebwa na mkojo hana haja ya kushika, wala kupanda, wala kuwa na zana yoyote; mwili wenyewe umempeleka.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema, na ndipo jina la bakteria linapopata maana yake kamili. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2007 kuhusu UTI ya watoto ulihesabu maambukizi yaliyoletwa na bakteria asiye E. coli kuwa si ya kawaida, sawa na pale mtoto anapokuwa mahututi, anapotoa mkojo kwa udhaifu, au anapokosa nafuu ndani ya saa 48 za dawa sahihi, na ulitaka apigwe altrasaundi. Sababu yake ni hiyo hiyo. Klebsiella, Enterococcus au Pseudomonas kwa mtoto ambaye hajawahi kulazwa wala kuwekewa katheta, yaani mpira wa mkojo, ni taarifa kuhusu maumbile ya njia yake ya mkojo kabla ya kuwa taarifa kuhusu bakteria.

Proteus anahitaji maneno yake kidogo. Huyu hupatikana zaidi kwa wavulana, hukaa chini ya govi, na kwenye aga ya damu hutambaa akafunika kisahani kizima kwa mawimbi, na harufu yake hujulikana kabla ya kifuniko kufunguliwa vizuri. Zana yake kuu ni kimeng’enya cha yurease, kinachoivunja yurea ya mkojo na kutoa amonia. Mkojo unakuwa na alkali, magnesi na fosfeti zinaganda, na mawe yanaanza kujengeka yakiwa na bakteria ndani yake, mahali ambapo dawa haifiki. Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha pH ya 8 au zaidi kwa mtoto mwenye homa, wazo la Proteus lisisubiri kisahani. Kutahiri watoto wachanga hupunguza UTI kwa wavulana kwa kiasi kikubwa, na faida hiyo iko zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha, wakati ambapo wavulana huugua UTI kwa wingi. Anayetahiriwa akiwa na miaka saba ameshavuka sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Upande wa pili kabisa kuna watoto wanaobeba bakteria bila kuugua. Msichana mmoja wa Göteborg alibeba E. coli mmoja kwa miaka mitatu bila dalili na bila figo zake kuharibika. Bakteria huyo alihifadhiwa kwa namba 83972, na uchunguzi wa jeni zake umeonyesha kwamba aliwahi kuwa na jeni za fimbria za aina ya kwanza na fimbria P, lakini zimeharibika na kukatika. Alikuwa mkali, akapoteza zana zake, akabaki mpangaji. Watafiti wa Uswidi walifika mbali hadi kumweka kwa makusudi kwenye vibofu vya watu wazima wenye UTI ya kujirudia, ili awazuie wenzake wakali. Na walipowafuatilia wasichana wenye bakteria wa kimya, walijifunza kwamba kuwapa dawa kunaweza kumwondoa huyo mpole na kumpisha mkali, na maambukizi ya figo yakafuata. Kwa sababu hiyo nasikitika kila ninapoona mtoto asiye na homa, asiye na maumivu, aliyepimwa mkojo kwa ajili ya fomu ya shule, akiandikiwa sindano za siku tano.

Kuhusu sisi, kuna takwimu ambazo kila anayetibu watoto Tanzania anapaswa kuzijua. Mwaka 2008 watoto 1005 wa chini ya miaka 10 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62.2, malaria asilimia 10.5, na UTI asilimia 5.9. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako hufika watoto walio wagonjwa zaidi, utafiti wa watoto wa chini ya miaka mitano wenye homa ulikuta UTI kwa takribani mmoja kati ya sita. Ukisoma takwimu hizo pamoja utaona makosa mawili yanayotendeka kwa wakati mmoja: watoto wengi wenye mafua huambiwa wana UTI, na watoto wachanga wenye UTI ya figo hukosa kupimwa kwa sababu hawawezi kusema wapi panauma.

Kosa la kwanza huanzia kwenye chupa. Mkojo wa mfuko uliobandikwa kwenye ngozi huchanganyika na bakteria wa ngozi na wa haja kubwa, na kiwango cha kuthibitishia UTI alichokiweka daktari wa Marekani Edward Kass mwaka 1956, bakteria 100,000 kwa mililita, kilitokana na mkojo uliokusanywa kwa uangalifu, hakikukusudiwa mkojo wa namna hiyo. Mfuko usio na bakteria unatosha kuondoa wasiwasi. Wenye bakteria hauthibitishi kitu. Kwa mtoto mchanga, katheta ndiyo njia ya uhakika. Pale isipowezekana, mama anaweza kukinga mkojo wa katikati, na kuna mbinu rahisi iliyojaribiwa Australia: kusugua taratibu tumbo la chini juu ya kibofu kwa shashi iliyoloweshwa maji baridi. Ndani ya dakika tano asilimia 31 ya watoto walikojoa, ikilinganishwa na asilimia 12 ya wasiosuguliwa. Kijiti cha kupima nacho kisomwe kwa akili. Naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria na kuonekana kwenye kijiti, huhitaji mkojo ukae kibofuni kwa saa kadhaa pamoja na bakteria, na mtoto mchanga hakai muda huo, hivyo naitraiti kukosekana kwake hakumtoi kwenye hatari.

Kosa la pili linaunganika na usugu. Zamani bakteria sugu kwa dawa za jamii ya kwinoloni mara nyingi walikuwa na zana chache za ukali, na ilikuwa kana kwamba huwezi kubeba mizigo yote miwili. Kisha ukoo wa E. coli uitwao ST131, ulioelezwa mwaka 2008 ukiwa tayari umesambaa katika mabara kadhaa, ukaja na vyote: FimH ya namna yake, zana nyingi za kutafuta chuma, na kimeng’enya cha CTX-M-15 kinachoharibu seftriaksoni. Sindano ya seftriaksoni ndiyo inayochomwa kwa watoto wengi wenye homa kabla mkojo haujakusanywa. Mkojo ukiletwa kwangu siku ya tatu ya sindano hiyo, kisahani kinabaki kitupu, na hakuna njia ya kujua kama kulikuwa na E. coli mkali, Klebsiella wa mtoto mwenye ureta isiyojifunga, au hakukuwa na UTI kabisa.

Ninachowaomba wenzangu wa wodini kinaingia kwenye fomu iliyopo: umri wa mtoto, kama ana homa na tangu lini, mkojo umekusanywa vipi, na kama dawa imeshaanza. Upande wetu wa maabara tuandike zaidi ya jina na usugu. E. coli anayepasua damu aandikwe hivyo. Mchanganyiko wa bakteria watatu uandikwe kuwa mkojo umechafuka, na urudiwe, badala ya kuchaguliwa mmoja wa kutibiwa. Na pale anapoota Proteus, Pseudomonas au Enterococcus peke yake, kwa wingi, kwenye mkojo wa katheta wa mtoto aliyetoka nyumbani, chini ya jibu pawe na mstari mmoja unaopendekeza altrasaundi ya figo na kibofu kabla mtoto hajaruhusiwa.